Injini Aliyoiacha Mutua

Jumatatu, 3 Machi

"Hili ni gari la barabarani, si la mashindano." Ndivyo alivyoniambia leo meneja wa gereji ya kampuni, amesimama chini ya picha kubwa ya gari hilo hilo likikata kona kwenye uwanja wa mbio. Nilimwonyesha picha kwa kidole. Hakugeuka.

Uongo mtupu. Kitabu kilichokuja na gari kina sura nzima ya kuendesha uwanjani: upepo wa matairi, breki, oili ipimwe kabla na baada. Hakuna anayekuuzia nguo ya kuogelea halafu akalalamika umelowa. Wala sishindani na mtu. Nalipa, navaa kofia ngumu, nazunguka, narudi nyumbani.

Jumamosi, uwanja ule wa nje ya Houston. Kona ndefu ya kulia. Taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Kisha mlio wa chuma, kama mtu aliyefungiwa ndani anagonga atoke. Nikazima. Nilirudi nyumbani Carrollton ndani ya lori la kuvuta magari, dereva akiniburudisha kwa nyimbo za injili.

Mutua, mume wangu, alilinunua kabla ya saratani. Aliizoeza injini mwenyewe, taratibu, kama anayelea. Nguo zake nilizigawa. Sauti yake inanipotea. Mlio wa injini ile bado naujua, na naitaka irudi kama alivyoiacha. Dhamana ya kampuni bado hai. Watailipia.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini, kisha barua. Nimewaandikia kampuni kurasa tatu. Nimeeleza kilichotokea: kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, beringi zinakauka, injini inajitafuna. Kosa la aliyechora injini. Si la mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyeshika usukani.

Nimempigia Kioko wa Stafford, mwenyekiti wa kikundi chetu cha magari. Ana gari kama langu. Taa yake imewahi kuwaka kona ile ile, alituambia mwenyewe tukila nyama. Nikamwomba aandike hivyo.

"Ai, dada. Mimi nikiandika, wakijua naenda track, waranti yangu imeenda. Wewe sema tu ilikufia highway."

Wote kikundini wamenijibu hivyo, kwa maneno tofauti. Wanaume wenye injini kubwa. Nimeudhika nao kuliko kampuni.

Jumatatu, 10 Machi

Pigo. Walipeleka oili maabara. Kuna mafuta ya mimea ndani. Meneja alinisomea kwa sauti ya daktari anayetoa habari mbaya. Naijua sauti hiyo, naitumia wodini. Kwa hiyo, anasema, dhamana imekufa, uwanja au si uwanja.

Nilimwita mwongo mbele ya wateja. Nilisema mafundi wake wamechanganya chupa. Nilisema nitaandika kila mahali, Dallas hadi Houston. Oili niliibadilisha mimi, gereji ya nyumbani, siku mbili kabla ya safari. Nani mwingine angegusa?

Nimefika nyumbani. Nikamsimulia mama mkwe wangu kila kitu. Mama wa Mutua yuko nami tangu Desemba, amekuja kunipunguzia upweke. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliacha. Akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala bila kula.

Jumatano, 12 Machi

Amesema.

Mama alinisubiri nitoke kazini. Alikaa wima, leso kichwani, kama yuko kwenye kikao cha posa. Jumapili ile kabla ya safari yangu, mchungaji aliwaambia watu wapake mafuta ya upako milangoni, vitandani, kwenye magari. Wengine walipaka usukani. Mama aliwaza zaidi yao.

"Usukani hauna shida, mwanangu. Kinachokimbia ni injini."

Nilikuwa nimemwonyesha mwenyewe mfuniko wa oili, nikijivuna. Usiku wa kuamkia safari, nilipolala, alifungua boneti akamimina. Chupa ndogo, nusu yake. Akaomba. Gari la mwanawe aliyekufa, limebeba mkaza mwana aliyebaki. Angefanya nini kingine?

Nilikasirika hadi nikauogopa mdomo wangu. Mdomo huu haujawahi kuninyima neno. Nikatoka nje nikasimama karibu na pipa la taka mpaka hasira ikashuka. Niliporudi alikuwa amepiga magoti jikoni, si kwa sala. Alikuwa ananiomba msamaha. Mwanamke wa miaka sabini na sita, kwangu mimi. Nilimwinua. Tulilia wote wawili. Sipendi kuandika hili.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefikiri kama wakili. Naweza kunyamaza. Naweza kung'ang'ania kwamba maabara imekosea, na pengine nikashinda, maana wanaogopa makelele. Kioko amesema hivyo hivyo: kana, kana, kana.

Lakini nimewaita watu waongo wiki nzima. Na jambo lenyewe liko wazi: mafuta yale kidogo hayakuua beringi. Ukavu ndio uliua. Nataka kushinda kwa hoja hiyo au nisishinde. Ila siwezi kumtaja mama wa mume wangu mbele ya mgeni anayecheka. Hapo nimekwama.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimkuta Mama mlangoni asubuhi, amevaa nguo za kanisani, mkoba kwapani. "Nipeleke kwa huyo mzungu."

Alisimama mbele ya meza ya meneja. Nilitafsiri.

"Mwambie nilimimina mimi. Huyu hakujua. Mwambie ilikuwa kiasi hiki." Akaonyesha kwa vidole. "Sasa mwulize: taa nyekundu iliwaka kwenye kona tu. Kwani mafuta yangu yanajua kona?"

Meneja aliziweka kando karatasi zake. Hakucheka. Akasema kwa upole kwamba ameelewa, ila kampuni haitalipa. Labda wangefikiria tena kama kungekuwa na wengine waliopatwa na jambo lile lile kwenye injini isiyo na kitu ndani. Mimi niko peke yangu.

Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga.

Jumapili, 16 Machi

Gari limerudishwa, limefunikwa turubai. Baada ya ibada Mama aliniomba nilifunue. Akaingia kiti cha abiria, nami kiti cha Mutua. Akaweka kiganja juu ya dashibodi kama anayepima homa. Akauliza lilikuwa likilia vipi. Nilijaribu kuiga. Akacheka kidogo, kisha hakucheka.

Injini ile hairudi. Nimekubali.

Haya ya chini nayanakili nitume kwenye kikundi. Sitaongeza tusi hata moja.

Ninyi mnaoendesha gari kama langu, Stafford, Carrollton na kote mlipo: taa zenu zimewaka kona ile, na ipo siku injini itamfia mmoja wenu akiwa katika kasi, na mwenzake yuko nyuma yake. Mama yangu alisimama akasema alichofanya, na hakuwa na chochote cha kupata. Kioko, anza wewe. Andikeni mlichokiona, na mwandike mlikuwa wapi.