Vitufe Vitano vya Mwalimu

Ikwiriri,
Jumatano mchana.

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanahalima,
Mbwera.

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limepoa kidogo. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Watu wa boti wameniambia ndege wamewasumbua sana kwenye mpunga mwaka huu, nikasikitika kwamba sipo kukusaidia kuamia na kuwafukuza.

Kazi kwenye steshenari ya kaka Huseni inaendelea. Nachapa maombi ya kazi, mialiko ya harusi, barua za vikundi. Lakini leo nataka kukueleza habari za mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke, aliyeletwa dukani na dada yake miezi mitatu iliyopita. Kiharusi kimempiga upande wa kulia. Mkono haushiki kalamu, na ulimi umekuwa mzito hata dada yake haelewi anachosema. Dada mtu akaniuliza kama kompyuta ingemsaidia kuandika, maana ana jambo moyoni na anaogopa kufa nalo.

Nilimjibu kuwa kompyuta ni mbovu. Kesho yake wakarudi, nikasema umeme ni mdogo. Siku ya tatu wakarudi tena, mwalimu akakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri bila kunung'unika. Nikashindwa. Nikamkalisha kwenye kompyuta ya zamani iliyopo pembeni.

Mama, yalikuwa mateso. Ile programu ya kuandikia ina vipicha vya kubonyeza kule juu, vingi, vidogo kama punje za ufuta, tena vimebanana. Mkono wake wa kushoto unatetemeka. Alihangaika asubuhi nzima akapata mistari mitatu, akataka kuihifadhi, akabonyeza pengine, yote ikapotea. Akalia bila sauti. Mimi nikatoka nikaenda kusimama nje.

Kesho yake nilifika kabla ya wateja. Nikaingia kwenye mipangilio ya ile programu, nikakuta mahali ambapo mtu anaweza kuondoa kitufe, kukihamisha, hata kukipa jina jingine. Miaka miwili nimekaa na mashine ile sikuwahi kupagusa. Nikaondoa kimoja kimoja vyote asivyovihitaji, menyu nazo nikazipunguza mpaka ikabaki moja. Nikaacha vitufe vitano tu, vikubwa, vimeachana, na badala ya vipicha nikaweka maneno ya Kiswahili. Kaka Huseni alipoona alifoka, akidai nimemharibia mashine, mpaka nilipomwonyesha kuwa yote yanarudishwa kama yalivyokuwa.

Mwalimu naye hakukubali kila kitu. Kitufe kimoja nilikiita "Hifadhi". Akatikisa kichwa, akaandika herufi moja moja kwamba hifadhi ni ya tembo, yeye anataka "Tunza". Tulicheka, mama, naye akacheka kwa upande mmoja wa uso. Tangu siku hiyo hajapoteza mstari hata mmoja. Sasa kaka Huseni ananiomba niwapangie hivyo hivyo wazee wengine wawili ambao macho yao hayaoni vizuri, na anasema mwakani nifundishe watu kompyuta.

Sasa nivumilie mwanao. Mwalimu huyo ni Bi Mwantum, mke mwenzio wa Mohoro.

Nilimtambua alipoingia mlangoni, ndiyo maana nilidanganya. Nilikumbuka ulivyokwenda na chakula cha baba mgonjwa, akakufungia mlango, na baba akafa hujamwona. Nilikumbuka ulivyorudi na bakuli halijafunuliwa. Nilitaka ateseke. Siku maandishi yake yalipopotea nilifurahi, mama, kisha nikaiona furaha yangu ilivyo mbaya, nikashindwa kubaki mle ndani. Sikukuambia kwa miezi mitatu yote hii. Kwa hilo nakuomba radhi.

Jumamosi alimaliza. Akaniashiria nisogee, akabonyeza "Chapa" mwenyewe, akaikunja karatasi kwa mkono mmoja akiikandamiza kifuani, akaitia kwenye bahasha, kisha akaandika kwenye kompyuta kwamba nikupe wewe; kumbe naye alinijua. Ni hiyo iliyo ndani ya hii. Sijaisoma. Ningekupigia simu, ila najua ungekata mara nikitaja jina lake.

Sikuombi umsamehe. Hilo ni lako na Mola wako. Nakuomba uisome tu, siku utakayojisikia.

Nimsalimie nani zaidi? Mpe salamu kaka Saadi na wanawe, na jirani zetu wote wa ng'ambo ya mto. Kijana Mtoro anayeleta barua hii atarudi huku na boti ya Jumanne. Nilimwambia Bi Mwantum asitegemee jibu. Akainama kwenye kompyuta, akaandika taratibu kwamba atangoja.

Mwenyezi Mungu akulinde.

Mwanao akupendaye,
Muzdalifa