Nyumba ya Kona si Yako, Yaya

Yaya Solange,

Tangu Jumamosi tunakula tena mezani. Papa haweki tena sahani juu ya magoti, na mimi sisikii tena mgongo ukiniuma kwa kuinama kwenye mkeka. Nilidhani siku hiyo ikifika nitashangilia. Niliingoja tangu tulipokuzika, tangu vitu vyako viliporudi kutoka chumba chako cha Lubumbashi: sanduku la nguo, rula ndefu, na ile maketi, mji wako mdogo wa karatasi ngumu uliokuwa ukiujenga ili umalize masomo ya usanifu. Mama aliuweka katikati ya meza ya kulia, akaufunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha Noeli, akasema, "Muntu asiguse hapa." Basi. Wewe ukapata meza, sisi tulio hai tukapata sakafu.

Nisikufiche, dada yangu, nakuonea wivu. Bado. Watu wanafikiri mtu akifa wivu unazikwa pamoja naye, lakini wangu ulibaki hapa kwetu Panda na umenenepa. Ulipokuwa hai angalau ulikuwa na makosa yako. Ulikuwa unakoroma. Mboga ya sombe uliiunguza kila mara. Uliazima viatu vyangu ukavirudisha vimelika upande mmoja. Sasa huna kosa hata moja. Mama anawaambia wageni kwamba hukuwahi kuchelewa misa na kwamba ulipenda sana kufua nguo. Wewe, kufua! Hata Papa alikohoa aliposikia.

Na majina ni yako pia. Tangu ulipozaliwa wao ni Mama Solange na Papa Solange, na hakuna aliyewahi kumwita Mama kwa jina langu. Wateja wakija barazani kuniletea vitambaa vyao huuliza, "Mutoto ya Mama Solange iko?" Niko, ndiyo. Niko kwenye cherehani yangu, nashona sare za shule, na Mama akipita hapo ananiuliza kama umeme umerudi.

Lakini haya yote ningeyameza. Lililonikata maini ni lile la simu.

Unakumbuka siku niliyopotea. Lazima unakumbuka, wewe ndiye uliyenitafuta. Nyumba za kambi zilikuwa zote sawasawa, jinsi kampuni ilivyozijenga zamani kwa ajili ya wafanyakazi wake: ukuta ule ule, mlango ule ule, dirisha lile lile, mstari kwa mstari mpaka macho yanachoka. Mama alinituma chumvi. Kurudi nikakosea mstari, nikaingia nyumba ya watu, nikaketi, nikanawa, nikaanza kumega tonge za bukari kwa samaki. Mama Kalenga, mwenye nyumba, alinisogezea sahani. Aliniongezea na mboga ya lenga-lenga. Niliposhiba na kujilaza kwenye mkeka wao ndipo akaniuliza, "Weye, uko mutoto ya nani?" Nikamjibu, "Ya hapa." Wewe ulipita mlango kwa mlango unaniita, ukanikuta nimelala fofofo na chumvi mkononi, ukanibeba mgongoni mpaka kwetu.

Kesho yake ndipo ulipoanza kuchora milango. Malori yaliyotoka migodini Kambove yalidondosha mawe kando ya barabara, na sisi tulichagua yale ya kijani tukaenda kuchora nayo kwenye saruji nyuma ya jikoni. Ulilala kwa tumbo ukachora mitaa na mapaa, na kila nyumba na mlango wake, mmoja wa duara, mwingine wenye umbo la samaki, "ili Josée asipoteye tena." Kisha ukanipisha, ukasema, "Weye, weka bantu." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Niliamua nani anaishi wapi, anapika nini, kagombana na nani. Nyumba ya mlango wa samaki nilimpa mjane mmoja mpika kinywaji cha munkoyo, ambaye hamwuzii mtu mwenye miguu michafu. Ulicheka mpaka tumbo lako likafuta paa lake. Mama akatoka, akaiona saruji, akaona magauni yetu yamegeuka kijani, akatukimbiza na mwiko wa bukari.

Sasa sikiliza. Juma lililopita Assistant Hervé, yule mwalimu wako kijana, alimpigia Mama simu. Shule inaandaa maonyesho ya kazi za wanafunzi na wanaitaka maketi yako. Mama aliweka sauti juu ili lupango lote, ua mzima, lisikie. Yule mwalimu akaanza kukusifu, na katika kukusifu akaeleza jinsi ulivyowasimulia walimu chanzo cha mradi wako: "Alituambiaka vile alipoteaka mu kambi, akiwa mutoto mudogo. Aliingia mu nyumba ya benyewe, akakula bukari yabo, akalala."

Mguu wangu ulitoka kwenye pedali. Nikasema kwa sauti, "Mama, ile njo minye! Minye njo nilipoteaka!"

Mama hakuiondoa simu mdomoni. "Weye? Weye haukutokaka mu lupango. Weye ulikuwa mutoto ya kimya."

Papa alikuwa pale anahangaika na redio yake. Alisema polepole, "Mama Solange, nazani ilikuwa Josée." Mama akamjibu, "Weye ulikuwaka ku kazi." Ikaisha hapo. Nikawa sijawahi kupotea.

Yaya, mtu anaazima viatu. Mtu anaazima kitenge, anaazima hata pete. Haazimi kupotea kwa mwenzake. Labda mbele ya walimu ilikuwa rahisi zaidi kusema "mimi" kuliko kuanza kueleza kwamba una mdogo wako, anaitwa fulani, ni mshonaji. Labda mdomo ulikuteleza. Sijui, na huwezi tena kunijibu, na hilo pia linaniudhi.

Ijumaa mchana Mama alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikitoa kile kitambaa cheupe. Mama alikuwa amekitandaza akakiacha, hakuwa na moyo wa kuiangalia mitaa yako moja moja, na mimi kwa inda nilikuwa sijataka. Nikatazama kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa shida. Milango yote ilikuwapo, hata wa samaki, yote umeikata kwa mkono usiotetemeka. Lakini mitaa ilikuwa mitupu, hakuna hata mtu mmoja, na pale kwenye kona ya barabara kuu palikuwa na kiwanja kimechorwa kwa penseli tu. Hukukifikia.

Nilichukua mkasi wangu wa vitambaa, ule ambao simruhusu yeyote akatie karatasi. Nikakata boksi la nyuzi. Nilijenga nyumba ya mtoto aliyepotea, mimi ninayejua anahitaji nini: mlango mpana usio na ubao wa kufungia, jiko linaloangalia barabara ili mpishi aone nani anapita, na benchi refu chini ya paa, mtu aliyekosea mstari akae pale mpaka watu wake waje. Kisha nikaweka watu. Nilizungushia vijiti vya kiberiti vipande vya kitenge, nikatengeneza mama ameshika sahani, na mtoto amelala kwenye benchi. Sikuandika jina langu. Nilitaka swali moja tu kutoka kwa Mama: nani alijenga hii? Hilo tu. Ningeishi nalo mwaka mzima.

Niliiacha wazi. Mama akarudi, akatua mkoba wake, akaiona, akainama. Mimi nilikuwa barazani nakanyaga pedali bila kitambaa chini ya sindano.

"Josée, kuya uone," akaniita. "Hii ya kona. Sikuionaka. Angalia vile alitia bantu. Eh, mutoto wangu Solange, alipendaka bantu."

Akalia, Yaya. Lakini kilio hicho hakikuwa kama vile vingine. Alikuwa anatabasamu. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, nikayameza yote.

Jumamosi Assistant Hervé akaja na gari. Alizipitia nyumba zako haraka haraka kwa sababu anazijua. Kwenye kona akapiga magoti. "Hii hatukuionaka," akasema. "Tulimuachaka na kiwanja tupu. Alimalizia mu chumba chake, yeye peke." Akasema zile nyingine ni nzuri lakini zina baridi, na kwamba hapa sasa ulikuwa umeelewa nyumba ni ya kazi gani. "Njo ya muzuri kupita zote." Nilikuwa nimesimama karibu yake na sinia la soda. Nilisifiwa mbele ya Mama, na sifa zikapita kando ya sikio langu zikaenda kwako. Nilifurahi mno. Na papo hapo nilitaka kuiponda ile nyumba kwa sinia. Mama akamwambia, "Andika muzuri: Solange alijenga yote." Wakaifunga katika kitambaa cha Noeli, gari likaondoka nayo.

Papa aliitazama gundi kwenye vidole vyangu. Akautazama mkasi. Akauchukua akaenda kuutia makali. Papa anajua, lakini mambo haya Papa akiyasema Mama hamsikii. Nami nikisema sasa, nitaonekana namnyang'anya marehemu. Nimewaza sana nani Mama angemwamini, nani angesimama mbele yake aseme, "Mama, ile ya kona siyo yangu, njo ya Josée," naye akubali mara moja, bila kuuliza mara mbili. Ni mmoja tu, Yaya. Ni wewe. Hapo ndipo uliponishinda kabisa.

Rudi basi, tugombane. Rudi hata kwa dakika chache, nikutolee maneno yangu yote mpaka majirani watoke nje, kisha useme hiyo sentensi moja, kisha uende. Nimekukasirikia na nimekukosa, na vyote viwili havinipi usingizi.

Lala salama, dada yangu. Ile iliyokwenda Lubumbashi nakuachia, watu waitazame na jina lako juu yake. Lakini ni hiyo moja tu. Nyumba nyingine nimeshaanza kuikata, na hii nakuahidi nitaijenga mchana, Mama akiwa ameketi mbele yangu, na sitanyanyuka mpaka aniulize ninajenga nini.

Mdogo wako,
Josée