Aliyeomba Radhi Ndiye Dereva

Jumatatu, 4 Machi

Daftari langu, nakusalimu kwa heshima zote, na uniwie radhi kwa kukuacha kimya mwezi mzima. Mimi ni mzima — ila nimetoka polisi, nikiwa mshitakiwa!

Jana mchana mwanangu alinichukua kanisani kwa gari, yeye akitokea baa. Nilimsihi aende polepole. Akasema nimezoea baiskeli za mapadri. Akapokea simu. Pale kwenye kivuko cha waenda kwa miguu akamgonga mwanamke, fundi cherehani wa mtaa wa pili.

Mabruda wa shule ya misheni walitufundisha: ukimkwaza mtu, omba radhi kwanza, mengine baadaye. Nikashuka, nikapiga magoti: “Utuwie radhi, mama, tumekukosea.” Trafiki alipouliza dereva ni nani, watu wakaninyooshea kidole. Huyu babu, si anaomba msamaha! Mwanangu alikuwa ng'ambo ya barabara, anatafuna bigijii kuua harufu ya pombe.

Kituoni waliniletea maelezo. Sikuwa na miwani, na nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Niliona haya kumchelewesha askari. Nikatia sahihi, nikidhani ni ya shahidi.

Leo nimemweleza askari yule kwamba pana kosa dogo. Amecheka. Asiye na hatia huomba msamaha, mzee?

Jumatano, 6 Machi

Mke wa mwanangu ni karani wa wakili. Amenifafanulia sheria huku akimenya viazi. Simu usukanini: faini. Kutosimama kwenye kivuko: faini kubwa zaidi. Lakini ulevi! Leseni inafungiwa, bima inajitoa, na jela juu yake. Mumewe ni dereva wa lori la kampuni. Bila leseni ni mzigo wa nyumbani.

“Wewe, baba, hukunywa. Hakimu akiona mvi atakukaripia tu, basi.”

Mwanangu akadakia: leseni yangu inalala kabatini bure, angalau ifanye kazi mara moja.

Nikajibu kwamba nitatafakari. Wakanishukuru kana kwamba nimekubali.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi cherehani amefariki. Mungu amlaze pema.

Shitaka limebadilika: kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Si faini tena. Ni miaka.

Tulikuwa mezani. Kisha mke wa mwanangu akasema jela si haba: kula bure, kulala bure, na mtu wa kuongea naye hukosi. “Humu ndani si unalalamika upweke tangu mama afariki?” Wakacheka wote wawili. Nami nikatabasamu. Adabu mbaya kunyamaza mtu akikutania.

Jumamosi, 9 Machi

Maziko. Sikuweza kutokwenda.

Kaka wa marehemu, seremala, ndiye aliyelichonga jeneza. Aliniangalia kwa muda mrefu. “Babu, umri huo, ulikuwa unakimbilia wapi?”

Nilifungua kinywa. Mwanangu alikuwa amenishika mkono, kama mwana mwema. Akanitangulia: “Tusameheni, jamani. Mzee wangu macho hayaoni, na usukani hataki kuuachia. Tumemwambia mpaka tumechoka.”

Watu wakamsifu kwa uvumilivu wake! Mama mmoja akampa maji ya kunywa. Mimi hakuna aliyenipa.

Jumatatu, 11 Machi

Kesho ni mahakamani. Kusimama mbele ya watu na kumwita mwanangu wa kumzaa mhalifu — ulimi hautanyanyuka, najijua. Kwa kalamu naweza.

Tangu asubuhi nimechana karatasi nyingi. Hatimaye: “Mheshimiwa Mkuu wa Trafiki, uniwie radhi kwa kukusumbua na shughuli zako nyingi. Si mimi niliyeendesha.” Sikuongeza neno. Nimeifunga bahasha kwa gundi.

Miguu imevimba tangu maziko. Hata uani sifiki. Simu yangu mke wa mwanangu ameichukua, ati anaichaji. Majirani tangu juzi hawapiti hapa, wala salamu yangu ya dirishani hawaiitikii.

Mwanangu ameingia bila hodi. Amenyoa, ananukia. Anapita kituoni kuniulizia saa ya kesi. Ameiona bahasha. Ina nini, baba?

Nimemwambia ni salamu tu.

Basi mpelekaji ni yeye, hakuna mwingine. Amesimama mlangoni, mkono ameunyoosha. “Lete, baba. Unanichelewesha.”

Nimemwomba radhi. Namalizia mstari huu, kisha nampa.