Miche Yako Niliyoichanja

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kuanza kukuandikia bila shikamoo mkono wenyewe unakataa.

Masika yamepita tangu tukulaze kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, na sasa Baba ndiye anayekata majani ya ng'ombe. Ungemwona ungecheka. Anayakata kama anamkomoa mtu, halafu anamkaripia ng'ombe asipoyala. Uji anapika mwenyewe na unaungua kila asubuhi. Ukimwambia umeungua, anakujibu kwamba ndivyo anavyoupenda. Miaka yote aliyokunywa uji wako sijui alikuwa anavumilia.

Lakini nimekaa kukuandikia kwa ajili ya miche.

Unakumbuka nilivyokuja likizo nikakuomba unioteshee migrevilea. Kahawa ilikuwa imekwisha kutukatisha tamaa, watu wanang'oa mibuni na kupanda migrevilea ya mbao, halafu miti yenyewe nayo ikaanza kukauka kuanzia kileleni, shina likitoka vidonda vyenye utomvu mweusi. Jirani yetu wa ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa maji, alisema ni ukame tu, maji yamepungua kwenye mifereji. Mimi nilikuwa nimeona kuvu katika kila kidonda nilichopasua, na digrii yangu ya pili yote ilisimama kwenye swali moja: kuvu hiyo ndiyo inayoua mti, au imekuja kula mti uliokwisha kufa? Ukasema, "Leta mbegu." Ukajaza viriba udongo na samadi, ukavipanga kwenye kivuli cha migomba, ukawa unachota maji mfongoni kabla ya kwenda misa.

Nikakueleza kwamba ili kuuthibitisha ugonjwa lazima nichukue mche mzima, niupe kuvu kwa mkono wangu mwenyewe, kisha ningoje uugue. Nilidhani utaliweka chini debe la maji. Ukasema, "Mbuzi wa Krismasi namlisha mpaka asubuhi yake, Ndeshi," ukaendelea kumwagilia. Na kweli ndivyo ulivyokuwa. Mwaka mzima unamlisha ndani, unamrambisha chumvi kiganjani, na siku ikifika unamkabidhi Baba kamba, unaingia jikoni, na husemi na mtu mpaka nyama iive.

Ule mche mmoja uliota umepinda. Nilitaka kuutupa, maana majaribio yanataka miche inayofanana. Ukanizuia. "Huyu ni mvivu tu, mwache." Ukaufunga kwenye kijiti kwa kamba ya mgomba, ukawa unauongelesha Kichagga kama mtoto aliyegoma kula. Kufikia Pasaka ulikuwa umewafikia wenzake kwa urefu, umebaki na kiwiko kidogo tu pale chini.

Halafu ile presha ikakuangusha. Kule wodini Moshi uliniuliza nani anaimwagilia, nikasema Baba. Ukafumba macho ukasema, "Basi itakufa," na nesi akacheka. Mimi sikuweza kucheka siku ile. Nacheka sasa, Mama, nikiwa peke yangu, na watu wa bwenini wanadhani nimechanganyikiwa.

Haikufa. Baba aliimwagilia yote.

Baada ya mazishi nilishindwa kuigusa. Msimamizi wangu chuoni alikuwa mpole mwanzoni, kisha akaacha kuwa mpole. Akaniambia nichukue miche kitalu kingine, hata kama ni kuanza upya. Nililifikiria sana hilo. Lakini wewe uliiotesha kwa kazi hii na ulijua ni kazi gani. Kuihurumia kungekuwa kukufanya mtu ambaye hakuelewa alichokuwa anafanya, na wewe ulielewa vizuri kuliko mimi.

Tukaipakia kwenye pikapu. Baba akavaa koti lake la kanisani akasema anakuja. Hakuna aliyemwalika. Tukashuka hadi Kwa Sadala, tukapita Bomang'ombe, yeye amekaa nyuma na miche, ameishika isiangukiane.

Kwenye kibanda cha majaribio cha chuo tulipiga kura. Nusu ya miche inachanjwa kuvu, nusu inakatwa vilevile lakini haiwekewi kitu, na inachaguliwa kwa kura ili mtafiti asichague kwa moyo. Nikaandika karatasi, "kuvu" na "safi", nikazitia kwenye kofia ya Baba, yeye akawa anachomoa. Ilipofika zamu ya ule wa kiwiko alichomoa karatasi, akaisoma. Akanigeuzia. Kuvu.

Tulikuwa wawili tu mle ndani. Karatasi ya "safi" ilikuwa juu kabisa kwenye kofia, naiona. Baba akaitazama, akanitazama mimi. Mama, sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kuinua ile karatasi. Nikachukua kisu. Nikaubandua ganda kidogo, nikaweka kipande cha kuvu, nikaufunga kwa utepe. Nilianza na huo, kwa sababu ningeuacha wa mwisho nisingeufikia.

Niliimwagilia yote sawasawa, iliyochanjwa na isiyochanjwa, maji yaleyale. Na nikaanza kumwomba Mungu nishindwe. Mtafiti gani anaomba hivyo? Utomvu ulipoanza kutoka, ule wako wa kiwiko ndio uliotangulia kunyauka. Nikatoa kipande kwenye kidonda chake, nikakiotesha maabara, na kuvu ileile ikatokea kwenye kisahani. Msimamizi akanipa mkono, "Hongera, umepata." Nikatoka nje nikalia nyuma ya kibanda. Nilikuwa sahihi, na sijawahi kutamani kukosea namna ile.

Migonjwa tuliichoma moto, ndiyo sheria. Sasa napita vihambani nikiwaambia watu wakate chini ya kidonda, wachome matawi, na panga walipitishe kwenye moto kabla ya kuhamia mti mwingine. Jirani wa ng'ambo ya mfongo amenisikiliza, na mti wake umechipua upya.

Ile safi imerudi nyumbani. Tuliipanda Jumamosi, juu kidogo ya ulipolala. Baba alikuwa ameinama anafukia shimo la mwisho, na bila kuniangalia akasema, "Mimi ningebadilisha ile karatasi."

Hilo tu. Nilicheka, halafu nikalia, naye akaendelea kushindilia udongo kwa mikono miwili. Miaka yote ile mliyokuwa mnagombana asubuhi, kumbe alikupenda hivi.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitakuwa narudi nyumbani kila mwisho wa wiki kumtazama huyu mzee wako, na uji wake ulioungua nitaunywa wote.

Mwanao,
Ndeshi