Maputo Ishirini ya Kurudi Mungaa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa kidogo, maana nimezoea kulisema nikiwa pale mlangoni, viatu sijavua, na wewe unaitika "marahaba, mama" kabla sijalimaliza.

Nakuandikia kwa sababu mwaka jana, wakati wa kipupwe, nilikuambia mkono wako umekwisha. Nilikuambia mbele ya Mama, kwa sauti yangu ile unayoijua, ya mtu anayetaka kufunga duka. Wiki tatu baadaye ukafariki. Sasa nimegundua kwamba nilikosea, na kosa lenyewe ni la kijinga kiasi kwamba kwa fundi mwingine ningelicheka. Naiandika barua hii wazi. Mwenye mzazi mgonjwa ndani ya nyumba yake naye asome.

Watu wa Mungaa wanaokukumbuka huanza na mawe yako. Ng'ombe akitoka kundini kuelekea shamba la mtu, hukukimbia wala kupiga kelele. Uliinama, ukaokota kijiwe, ukarusha, kikatua hatua moja mbele ya pua yake. Akageuka. Nilikuwa darasa la pili, nakufuata nyuma na chupa ya maji, nikakuuliza kwa nini usimpige mwenyewe. Ukasema, "Nikimpiga atanikimbia mimi. Nikipiga mbele yake anajua njia imefungwa." Na mimi nikajaribu, nikampata mbuzi wa jirani kwenye jicho. Ulikwenda wewe kuomba radhi. Njia nzima ya kurudi hukunisema hata neno moja, na mimi nilikuwa nangoja kusemwa mpaka tukafika nyumbani.

Kiharusi kilipokukuta, kilianza na mkono huohuo wa kulia. Nikawaleta Singida Mjini, wewe na Mama, kwenye vyumba vyangu viwili. Ulikubali kwa sharti kwamba ni kwa muda tu. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali akakupa mpira laini wa kufinya asubuhi na jioni, ukaushika siku mbili, siku ya tatu ukamrudishia Mama. "Huu mpe mtoto mchanga," ukasema. "Mimi nina ng'ombe wa kuwaona." Mama alicheka, mimi nikakasirika. Ndivyo tulivyogawana kazi nyumba ile.

Ndipo nikaikumbuka mashine ya gemu. Ilikuwa imekaa dukani kwangu kitambo, kati ya simu mbovu na redio, mwenyewe alihama mji akaniachia. Ilikuwa ya zile ambazo huchezi kwa kubonyezabonyeza vidole. Unashika rimoti, unaielekeza kwenye TV, na kidoti kinakwenda unakoelekeza. Nikawaza kwamba mkono huu wenye kiburi utakubali kufanya mazoezi kama utapewa kitu cha kulenga. Tatizo ni kwamba kile kijiti cha kuweka juu ya TV, ambacho rimoti inakitegemea, panya walishakula waya wake. Nikachomoa taa ndogo mbili kutoka kwenye rimoti mbili za TV zilizokufa, nikazifunga kwenye ncha mbili za rula ya shule, nikaunganisha betri. Ukanitazama nikiiweka rula juu ya TV, ukasema, "Hizo taa mbona haziwaki?"

Nikakupa simu. Nikakwambia tazama kwa kamera. Ukaisogeza karibu na uso wako, ukaona vinukta viwili vya zambarau vinang'aa juu ya rula, ukaishusha simu, ukatazama kwa macho, hakuna kitu, ukaipandisha tena. Ulifanya hivyo labda mara kumi. "Kumbe vipo," ukasema. Ukamwita Mama naye aje aone.

Nilipenda kukufundisha, Baba. Nilikuwa nimezoea wewe ndiye unayejua. Nikakueleza kwamba mbele ya rimoti kuna kijicho, na kijicho hicho hakioni TV wala picha, kinaona taa zile mbili tu. Zikionekana upande wa kushoto, kinajua mkono umeelekea kulia. Zikionekana juu, kinajua umeelekea chini. Nikakuambia zipo za kisasa zaidi ambazo hazitazami taa yoyote, zinahisi tu mkono umegeuka kiasi gani, lakini hizo ukicheza kwa muda zinapotea taratibu, unalenga katikati zenyewe zinadhani ni pembeni, mpaka ubonyeze kitufe cha kuzirudisha. Yetu inatazama, haibahatishi. Ulinisikiliza kichwa umekiinamisha. Halafu ukasema, "Mimi nikipotea porini natafuta mawe mawili makubwa ninayoyajua. Likiwa moja, bado sijui nimesimama wapi. Yakiwa mawili, najua." Nikakuambia ni hivyohivyo. Nilikwenda kazini siku hiyo najisikia vizuri kupita kawaida.

Gemu lenyewe lilikuwa la kupasua maputo. Yanapanda kutoka chini, mekundu na ya njano, unalenga, unabonyeza, linapasuka. Siku za kwanza ulishika rimoti kwa mikono miwili na kidoti kilitetemeka sana. Ukapata mawili, ukapata manne. Baada ya mwezi uliishika kwa mkono wa kulia peke yake. Mama alikuwa anahesabu kwa sauti kutoka kwenye mkeka wake, na ukikosa anasema, "Hilo limekwenda shamba la watu." Nawe unajibu, "Niache, namgeuza."

Hapo ndipo nilipoweka lile sharti langu. Ulikuwa umeniuliza, mara ya ngapi sijui, lini nitakurudisha Mungaa. Nikakujibu kama mwalimu wa zamu. "Baba, siku ukipasua maputo ishirini bila kukosa hata moja, kesho yake tunapanda basi." Ukanitazama. Ukauliza, "Ishirini?" Nikasema ishirini. Ukasema, "Haya." Nilijiona mwerevu mno. Mgonjwa apewe lengo, nilisikia wakisema, nami nilikuwa nimekupa.

Ulifika kumi na saba. Ilikuwa jioni, nilitoka dukani nikawakuta mmekaa kimya wote wawili, nikadhani kuna msiba. Mama akasema, "Kumi na saba, na la kumi na nane amelikwaruza." Wewe ulikuwa unautazama mkono wako na huku unatabasamu.

Kisha kipupwe kikaingia. Upepo wa Singida unaujua, unapita chini ya mlango kama una ufunguo wake. Miguu yako ilikuwa inakufa ganzi kwa baridi, na Mama kila alasiri akawa anawasha jiko la mkaa nje, moshi ukiisha analiingiza ndani, anaacha mlango wazi, analiweka pale chini upande wa kushoto wa meza ya TV ili joto likufikie. Lilikuwa jambo jema. Nilipita pembeni yake kila siku nikiingia na kutoka.

Maputo yakaanza kukushinda. Kumi. Sita. Siku moja ukapata matatu tu. Kidoti kilikuwa kinatulia kidogo, halafu kinaruka, kinakimbia kushoto, kinarudi, kinapotea kabisa. Nilikaa nyuma yako nikitazama kidoti, wala sikuutazama mkono. Ukasema taratibu, "Mimi nalenga palepale. Kile kinakimbia chenyewe." Nikakujibu, "Hakina akili ya kukimbia, Baba. Kinafuata mkono." Kesho yake ukasema tena, na mimi nikajibu tena, kwa ukali zaidi. Nilikuwa nimechoka na dukani kulikuwa na wateja wakorofi, lakini nisijifiche nyuma ya wateja. Siku ya tatu nikaichomoa rimoti mkononi mwako. "Tuache tu, Baba. Mkono umekwisha." Nikaiweka mashine ndani ya boksi, nikapandisha boksi juu ya kabati.

Mama alikuwa ameshika kijiko cha uji hewani. Wiki tatu baadaye kiharusi cha pili kikaja asubuhi, unakunywa chai, na hakikutupa nafasi ya kufika hospitali. Tulikurudisha Mungaa kwa gari la kukodi, na mimi nilikaa mbele na dereva kwa sababu sikuweza kukaa nyuma na wewe.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu huyu amekuja na mizigo yake yote na hana mpango wa kuondoka.

Wiki iliyopita jirani aliniomba ile mashine kwa ajili ya mama mkwe wake, naye ana kiharusi. Nikaishusha, nikafuta vumbi, nikaiweka rula juu ya TV ili nijaribu kabla sijaitoa. Baridi imeshaanza, na Mama alikuwa amekaa na jiko lake mahali palepale. Nikashika rimoti. Mkono wangu huu, Baba, unaounganisha waya mwembamba kuliko unywele, hautetemeki. Nikalenga puto. Kidoti kikatulia kidogo, kikaruka, kikakimbia kushoto.

Nilijaribu mara tatu kabla sijaelewa. Nikachukua simu, nikatazama kwa kamera. Juu ya rula, vinukta viwili vya zambarau. Chini kushoto, kwenye mdomo wa jiko, donge la zambarau linang'aa kuliko vyote. Mkaa wa moto unatoa mwanga uleule usioonekana kwa macho. Kijicho cha rimoti kilikuwa kinaona taa tatu badala ya mbili, na hakikujua kimesimama wapi. Nikalitoa jiko nje, nikarudi, nikalenga. Kidoti kilikaa pale nilipokiweka.

Nilikaa chini sakafuni. Mimi ni fundi. Wateja wakiniletea kitu kibovu, kabla ya kulaumu kitu nauliza kimewekwa wapi, kimekaa karibu na nini. Mteja nisiyemjua namuuliza. Wewe sikukuuliza. Uliniambia kwa mdomo wako kinakimbia chenyewe, mara mbili, nami asiyesikia la mkuu nikakupandishia sauti.

Mama akauliza, "Kuna nini? Mbona umelitoa jiko?"

Kwa siku mbili sikumwambia. Niliogopa ataona ni yeye, kwamba jiko aliloliwasha kwa upendo ndilo lililokufelisha. Siku ya tatu alikuwa anachambua mlenda, nikashindwa kuvumilia, nikamweleza yote, na kamera, na taa ya tatu, na nikaharakisha kusema kwamba kosa si lake, yeye hakujua, mwenye kujua nilikuwa mimi. Nilikuwa nalia huku naongea. Yeye aliendelea kuchambua.

"Baba yako alijua mkono ni mzima," akasema. "Wewe ukienda dukani alikuwa anachukua kikombe, anakinyoosha hivi mbele, kimejaa chai, anakishikilia mpaka mimi nachoka kumtazama. Haimwagiki."

Nikamuuliza kwa nini hamkuniambia.

"Alikataa. Alisema, mtoto amechoka, nikimwambia amekosea ataona namsuta. Mwache apumzike."

Nikasema, Mama, lakini kumi na saba ingekuwa ishirini. Bila lile jiko angefika ishirini kabla ya baridi kuisha. Angekufa kwake.

Mama akaacha mlenda. Alinitazama bila hasira, Baba, na ndiyo maana nimekosa pa kujificha. Akasema, "Jiko halikumzuia mtu kupanda basi, mwanangu. Alikuwa anangoja wewe useme twende. Yale maputo alikuwa anacheza kwa sababu wewe uliyapenda."

Tangu siku hiyo nalirudia hilo. Nilikuwa najilaumu kwa kutoiona taa ya tatu, na kumbe hilo lilikuwa kosa jepesi, la kurekebisha kwa kusogeza jiko hatua mbili. Stendi ya mabasi ni mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mlangoni kwangu. Mungaa si mbali. Ungeweza kupelekwa ukiwa na mkono mmoja, ukiwa umebebwa, ukiwa umepasua mawili. Ulikuwa na nyumba yako, na ng'ombe wako, na kitanda chako mwenyewe, na mimi niliyezaliwa juu ya kitanda hicho nikakutungia mtihani wa kukirudia.

Nawe ukaufanya mtihani huo. Kila alasiri uliufanya, hukulalamika, kama vile nilikuwa na haki ya kukutungia.

Jumamosi nampeleka Mama. Amesema anataka kukaa huko mwezi mzima, na nilipofungua mdomo kumuuliza juu ya dawa zake na presha yake na nani atamtazama, niliufunga. Nimeshamfungia mabegi. Nitakaa naye nyuma, njia nzima.

Nisamehe, Baba. Ungeniomba mara moja tu ingetosha, na uliniomba mara nyingi.

Lala kwako.

Mimi mwanao wa kwanza