Jembe na Nyumba za Kwao Sista

Kagongwa, Jumatatu, Februari 1982

Nilimkasirikia bure. Asubuhi nzima Sista Brijita aliniachia foleni ya wajawazito hapa zahanati peke yangu, yeye kaganda kwenye redio akisikiliza matokeo ya uchaguzi wa kwao Ayalandi.

Mchana nikamuuliza, huku nimenuna, aliyeshinda ni jembe au nyumba, kama kwenye karatasi zetu za kura. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwao kuna vyama vikubwa viwili, vilivyogawanywa na vita vya zamani vya wenyewe kwa wenyewe, na mpaka leo mtoto hurithi chama cha baba yake.

Nikamwambia basi hao ni Bagika na Bagalu, vikundi vyetu vya ngoma. Wanaogombana hawajui hata ugomvi ulianzaje.

“Ndio haohao,” alisema.

Nikauliza kama mshindi ataiunganisha nchi, maana mama yake Sista yuko kaskazini, sehemu ambayo bado iko chini ya Waingereza.

“Wote wanaahidi, Mama Kulwa. Mimi sitaiona siku hiyo.”

Naogopa anasema kweli.

Baba yangu ni Mgalu. Nilipoolewa na Mgika hakukanyaga kwetu miaka miwili. Walipozaliwa mapacha wangu, Kulwa na Doto, alikuja bila kuitwa, akawabeba wote wawili, mmoja kila mkono. Mpaka leo nashukuru.

Nilimsimulia Sista hayo jioni tukifunga zahanati. Akaomba nimsimulie tena.