Panya wa Dada Kevina

Ludara, Koboko
9 Novemba 2024

Dada Kevina,

Kampala mko wazima? Sisi iko salama, isipokuwa Peace wangu. Akicheza kidogo tu, midomo inageuka buluu, anachuchumaa. Daktari wa Arua anasema mishipa ya mapafu imebana, presha iko juu humo, moyo unachoka kusukuma damu. Ametupa vidonge. Nikauliza, vilijaribiwa kwa nani? Akasema, kwanza kwa panya.

Dada, nimevificha kwenye kopo la chumvi. Mtoto wangu si panya. Wewe ndiye unalisha panya wa madaktari huko. Niambie ukweli.

Mdogo wako,
Mindra

Kampala
21 Novemba 2024

Mdogo wangu Mindra,

Mimi mzima, ila nimemlilia Peace. Na mwandiko wako bado kama kuku aliyepita matopeni!

Ukweli ni huu. Panya wangu tunawaweka kwenye sanduku la hewa nyembamba, kama juu mlimani. Mapafu yao yanapata presha, moyo unavimba upande wa kulia. Wakipewa dawa hiyo, wengi wanachangamka tena. Si wote. Na panya si mtu, ndiyo maana baada yao walijaribu watu wazima, kisha watoto, na Peace lazima apimwe kila mara.

Panya wengine tunawaua tuone mioyo yao. Nikiwashika nawaomba msamaha. Wasife bure, Mindra. Toa vidonge kwenye chumvi.

Dada yako,
Kevina

Kampala
12 Januari 2025

Mindra, mbona kimya? Peace yuko? Andika hata mstari mmoja.

Dada yako

Ludara
16 Februari 2025

Dada yangu,

Usigombe! Hujambo, na panya hawajambo? Kimya ni cha kukimbiza mtoto. Daktari anasema presha imeshuka. Hajapona, dawa ni kila siku. Lakini jana amefukuza bata wa jirani yetu Mama Ruqaiya mpaka kisimani, midomo myekundu, matusi juu. Mama Ruqaiya akaja kushtaki, nikamkumbatia. Amedhani nimerukwa na akili.

Tena, majani yamechomwa kwa uwindaji, mume wangu Obitre ameleta panya wa porini, wanono. Unajua ninavyopenda kuwala. Nikasukuma sahani.

"Una mimba?"

"Hapana. Ndugu zao wamemtibu mtoto wako."

Akaacha kutafuna. Akawaza. "Basi huyu nitamla kwa heshima."

Peace akaomba paja.

Wasalimie wa kwenye sanduku.

Mdogo wako,
mama wa mkimbiaji